Kisindano Kimoja kwa Nyumba Nzima

Muthara,
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Kwanza nipe mkono nikusalimie. Wewe na baba mmeamkaje huko Karurumo? Kidonda cha mguu wa baba kimeanza kukauka, ama bado anavaa soksi ili msikione? Na ng'ombe amezaa? Tulipoongea mara ya mwisho ulisema anakaribia, halafu mama mkwe akaingia jikoni nikakata simu, na nikakuacha hivyo. Sisi tupo. Karimi anatembea sasa, na kila anayepita njiani yeye humsalimia "Muuga" kama Mmeru kamili. Neno la Kiembu analojua ni "cucu" tu, la kumwita bibi, na akilisema huwa namwonyesha picha yako ile ya harusi ya Nyaga.

Mvua huku ilikuja vizuri, maharagwe yamejaza ghala, na ndiyo maana barua hii itakufikia. Nampa Njue, yule mfanyabiashara wa Runyenjes ambaye huja kununua maharagwe hapa sokoni. Nakuandikia kwa sababu simu yangu ilivunjika kioo na ninayotumia ni ya mama mkwe, na nikiongea lazima kuna mtu amesimama karibu. Isitoshe, haya si maneno ya kusema kwa simu. Tafadhali soma ukiwa peke yako. Usimpe Nyaga akusomee, hata kama miwani imepotea tena. Unamjua kaka yangu, atakuwa amefika hapa na fimbo kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu nakiongea tu, kukiandika hakuna aliyenifundisha.

Najua umesikia kwamba nilifunga kibanda changu cha chai. Njue alinieleza kuwa huko wanasema mimi ni mgonjwa. Ni kweli nilikuwa mgonjwa. Acha nikueleze ilivyokuwa, tangu mwanzo, ili usichukue maneno ya watu.

Unakumbuka nikiwa na mimba ya Karimi sukari ilipanda, na baada ya kujifungua ikashuka. Wakaniambia hapo kliniki kwamba kwa sababu ya hiyo mimba, na kwa sababu baba yangu ana sukari, mimi ni mtu wa kuchungwa, naweza kuipata siku yoyote. Basi nilikuwa nikienda kupimwa. Mara hii ya mwisho sukari ilikuwa imekaribia mpaka. Daktari wa hapo, dada mmoja anaitwa Nkatha, hakupenda. Alisema sijanenepa, natembea kutwa nzima, chai nakunywa bila sukari, sasa inapanda kwa nini. Akatoa damu nyingine akasema anataka kuangalia ini.

Nilirudi kwa majibu nikifikiri ataniambia nipunguze viazi. Akafunga mlango, akaniambia nina virusi vya ini, homa ya ini ile wanaita C. Aliniambia vinaweza kukaa kwa mtu miaka mingi bila kuuma mahali, huku vinakula ini polepole, na kwamba vinaweza kusukuma sukari juu, hasa kwa mtu kama mimi ambaye tayari yuko karibu nayo.

"Ulishawahi kuongezwa damu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kuchanjwa kwa wembe? Kuchorwa mwilini? Kudungwa sindano na mtu asiye daktari?"

Nikasema hapana, hapana, hapana. Halafu akauliza kama kuna kitu chochote chenye ncha ambacho natumia na mtu mwingine. Mama, hapo ndipo nilipokumbuka mashine ya sukari ya mama mkwe.

Unajua yeye ana sukari tangu zamani. Kaberia wangu alimnunulia mashine ya kujipima nyumbani, ile inayokuja na kikalamu cha kutoboa kidole, ndani yake kuna kisindano. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikuwa akituita. Anajipima yeye, kisha Kendi, dada yake Kaberia, kwa sababu Kendi naye ni mzito na mama yake anamwogopea, kisha mimi. Alifanya hivyo kwa kutupenda, hilo nalisema wazi. Lakini visindano vilikuwa vikiisha haraka na kuvipata ni mpaka Meru mjini, kwa hiyo kisindano kimoja tulikitumia sisi wote mpaka kinakuwa butu. Alikuwa akikifuta na pamba.

Nilipomweleza daktari Nkatha, aliweka kalamu chini. Halafu akasema, "Wote waliotumia hicho kitu waje wapimwe. Wote." Akaniambia dawa ipo, ni vidonge vya kumeza kila siku kwa kama miezi mitatu, na watu wengi wanapona kabisa. Pia akaniambia ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani wala kwa kikombe wala kwa kushikana mikono. Hayo nilitaka niyabebe mpaka nyumbani yasimwagike njiani.

Kaberia bado anafanya kazi Maua, ya kufunga miraa, anakuja Jumamosi. Nilimngoja. Nilipomwambia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekuwa na mtu?"

Nikamwambia kuhusu kikalamu. Akasema, "Mama yangu amekitumia miaka mingi na si mgonjwa." Mimi nikamwambia haijulikani kama si mgonjwa mpaka apimwe. Akachukua koti akatoka.

Mama mkwe alisikia kwa Kaberia, hakusikia kwangu. Alinikuta nikifua, akasimama pale kwenye kamba. "Mama Karimi, hiyo ugonjwa ulitoa wapi? Kwetu hakuna." Nikamwomba waende kupimwa, yeye na Kendi. Akasema, "Sisi ndio tupimwe ugonjwa yako?" Jumapili iliyofuata, yeye kama kiongozi wa akina mama, alisimama kanisani mbele ya wenzake akaomba wamwombee kwa sababu mke wa mwanawe ameleta nyumbani ugonjwa wa ini, ule wa watu wa kutangatanga. Nilikuwa nimekaa nyuma, na Karimi mapajani. Aliomba akilia machozi ya kweli. Watu wakageuka kunitazama, kisha wakafumba macho wakaniombea.

Kabla ya wiki kwisha sufuria yangu ya chai ilikuwa inarudi nyumbani imejaa. Wale vijana wa miraa waliokuwa wakinisubiri nifungue walianza kupita upande wa pili wa barabara. Mmoja aliniambia kwa heshima kabisa, "Usikasirike, Mama Karimi, tunaogopa tu." Nikafunga kibanda. Nyumbani nikapewa kikombe changu na sahani yangu, vimepakwa rangi nyekundu chini ili visichanganyike. Kendi akaanza kumlisha Karimi yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwachisha ziwa, kwa hiyo hata hiyo nafasi ya kumshika mtoto wangu bila kuulizwa sikuwa nayo. Ndipo nikaacha kwenda kanisani.

Nilitaka kurudi kwetu. Nisikufiche, nilikuwa nimefunga nguo ndani ya leso. Nilimwambia Kaberia naenda kwa mama yangu nikameze dawa kutoka huko. Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Ukitaka kwenda kwenu, enda. Lakini Karimi ana jina yangu. Karimi hatoki." Nikamtazama Kaberia aseme neno. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Nikafungua leso nikarudisha nguo mahali pake, na dawa nikaanza kuzimeza hapa hapa.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mama mkwe ana siku yake ya kliniki ya sukari. Sukari yake ilikuwa imekataa kushuka kwa dawa yoyote. Siku hiyo daktari Nkatha alimtoa damu, na nadhani hakumwambia mapema ni ya nini. Alipoitwa kuchukua majibu alirudi nyumbani hasemi. Alikaa siku kadhaa hivyo, chakula anakisukuma pembeni. Kendi akafikiri ni malaria.

Kisha asubuhi moja, Kendi yuko sokoni na Karimi, nilikuwa namenya ndizi hapa jikoni, akaingia akakaa kwenye kigoda. Tangu habari ya ugonjwa wangu itoke hakuwa amekaa jikoni nilipo.

"Hizo dawa zako," akasema, "zinakusumbua tumbo?"

"Hapana, mama. Kichwa tu kidogo, siku za kwanza."

Akachukua kisu kingine akaanza kumenya na mimi. Ndizi aliyomaliza akaiweka kwenye beseni langu, pamoja na zangu.

"Nilipozaa Kendi nilimwaga damu sana," akasema. "Waliniongeza chupa mbili. Wakati huo hakuna mtu alikuwa anauliza damu ni ya nani. Daktari anasema inaweza kuwa ilitoka huko." Akamenya nyingine. "Nimekaa nayo umri wote wa Kendi, na sikujua."

Nilikuwa nimengoja neno hilo kwa hamu, na lilipokuja sikufurahi. Alikuwa mama mzee na kisu mkononi, anaogopa kufa. Nikamwambia dawa ni ile ile yangu, atapona. Akatikisa kichwa.

"Si hiyo," akasema. "Nilisimama mbele ya watu. Nilisema ni ugonjwa wa watu wa kutangatanga. Nikirudi kusema ni yangu, nitaketi wapi kanisani? Watasema nini juu ya marehemu mzee wangu?" Akanishika mkono, wenye utomvu wa ndizi hivyo hivyo. "Mama Karimi, usiniseme. Watoto wangu wasijue."

Nikasema sitasema. Lilinitoka mdomoni kabla sijalipima, kwa sababu alinishika mkono, na tangu majibu yatoke hakuna mtu mzima aliyekuwa amenishika.

Basi tukaanza kwenda Meru mjini pamoja kuchukua dawa, mimi na yeye. Nyumbani ilisemwa kwamba ananisindikiza. Kanisani wakamsifu, eti angalia mama huyo, pamoja na aibu aliyoletewa bado anamsindikiza mke wa mwanawe hospitali. Aliyenieleza ni jirani yetu, akidhani atanitia moyo. Huko mjini mama mkwe ni mtu mwingine. Tunaketi kwenye hoteli nyuma ya soko, anaagiza chapati na maharagwe sahani moja, tunakula pamoja. Ananiuliza habari zako. Aliniuliza kama baba bado anaweza kupanda mlima mpaka shambani. Tukishuka Muthara ananitangulia hatua chache, na akifika nyumbani ananipa chai kwa kile kikombe chenye rangi nyekundu.

Ningeweza kuishi hivyo, nadhani, mpaka dawa iishe. Lakini Kendi alikuwa na mimba.

Nilimwambia mama mkwe tukiwa njiani, Kendi lazima apimwe, alidungwa na kisindano kile kile. Akasema, "Najua. Daktari aliniambia nimlete." Nikauliza mbona hajamleta. Akasema, "Akionekana anayo atauliza imetoka wapi." Nikasema ajue basi. Akaongeza mwendo akanitangulia.

Siku zikapita. Nilikuwa namwona Kendi akiweka mkono kwenye tumbo, anaimba akipika, ananisogezea sahani yangu kwa ncha ya vidole, na mimi nikijua kitu juu ya damu yake ambacho yeye hajui. Sikuwa na nguvu hata ya kumkasirikia. Mwishowe nilimwambia mama mkwe kwamba nikimwona Kendi anafika mwezi wa kuzaa hajapimwa, ahadi yangu imekwisha.

Akafikiri, halafu akasema polepole, bila kuniangalia, "Nitawaambia waende. Nikisema mimi, wataenda. Lakini wewe useme ilitoka kwako. Sema wewe ndiye ulileta kwa mashine."

Nilikataa. Nilikataa siku hiyo na siku iliyofuata. Nilijiambia, huyu amenichukulia mtoto, amenichukulia kibanda, sasa anataka mpaka ukweli. Nilifikiria kwenda kwa Kendi moja kwa moja, lakini angemkimbilia mama yake, na mama yake angesema mke wa Kaberia amepatwa na wazimu, na Kendi asingekanyaga hospitali mpaka azae. Nililizungusha jambo hilo kila upande, sikuona mlango. Kitu pekee ambacho kingempeleka Kendi ni neno la mama yake, na neno hilo lilikuwa na bei.

Jumamosi Kaberia alipokuja tulikaa wote mezani. Nikasema. "Ile mashine ya mama, huenda mimi ndiye niliyeichafua na damu yangu. Nisameheni. Tafadhali mwende mpimwe." Kendi alisimama, kiti kikaanguka. Kaberia alifunika uso. Mama mkwe akasema, "Mtaenda wote Jumatatu, na mimi nitaenda," na sauti yake ilikuwa imara kabisa.

Kaberia hana, hakuwahi kutumia ile mashine. Karimi hana, Mama, shukuru Mungu hapo ulipo. Kendi anayo.

Daktari alimweleza kwamba kwa sababu ya mimba dawa itangoja mpaka ajifungue, na kwamba watoto wengi huzaliwa salama. Alirudi akapita hapa nilipokuwa naosha vyombo. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuwa nakuita dada." Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni na chai yake. Nilimtazama. Nilimpa nafasi, Mama, nilingoja kabisa, sabuni ikakauka mikononi. Akainua kikombe akanywa. Watu wanajua kwamba naye amekutwa nayo, na wanajua aliipata wapi. Aliipata kwangu. Sasa kanisani wanamwombea yeye.

Vidonge vyangu vimekwisha. Majuzi daktari Nkatha aliniambia virusi havionekani tena kwenye damu, nitarudi kupimwa baada ya muda ili kuhakikisha, na sukari imeshuka kidogo, ingawa lazima niichunge maisha yangu yote kwa sababu ya baba. Vya mama mkwe pia havionekani. Daktari anajua kila kitu, lakini kazi yake haimruhusu kufungua mdomo. Alinishika bega akaniuliza kama niko salama nyumbani. Nikasema niko salama. Hakuna anayenipiga. Nalala, nakula. Kikombe chenye rangi nyekundu bado ni changu.

Kabla sijasahau, kile kikalamu cha baba cha kutoboa kidole, asikitumie mtu mwingine, si wewe, si Nyaga, si jirani anayekuja kujaribu. Na kama umewahi kukitumia, hata mara moja, nenda kapimwe. Usingoje kuumwa. Uliza kipimo cha homa ya ini C, ukitaje kwa jina.

Mama, usije. Najua utataka kuja. Ukija na ukweli huu, mama mkwe atavunjika mbele ya watoto wake, na Kaberia atachagua upande, na nimeshaona huwa anachagua upande gani. Karimi yuko katikati. Nikikaa kimya, Karimi atakua akisikia kwamba mama yake ndiye aliyeleta ugonjwa kwenye boma. Nikisema, nitaonekana mwongo anayemsingizia mzee, kwa sababu nilishakiri mwenyewe mezani, mbele yao wote. Nimelala na jambo hili na kuamka nalo, sioni pa kutokea. Labda Kendi akishajifungua na kupona moyo wake utalegea. Labda mama mkwe atachoka kubeba. Sijui. Simngojei tena kama nilivyokuwa nikimngojea.

Jana Kaberia alikuja kutoka Maua. Tukiwa tumekaa nje alichukua mkono wangu, akaniambia amefikiri sana na amenisamehe. Alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa na machozi. Mama yake alikuwa mlangoni anachagua maharagwe, alisikia, na vidole vyake havikusimama. Nami nikamwambia Kaberia asante.

Nilisema asante, Mama. Ndiyo maana leo nimeandika. Sitaki ufanye lolote. Nataka tu kuwe na mtu mmoja duniani anayejua kwamba si mimi.

Nawasikia wanarudi, kwa hiyo namalizia. Nisalimie baba, na umwambie avue hiyo soksi. Nisalimie Nyaga na mkewe, na shangazi fundi wa nguo pale barabarani, na mwalimu wangu wa Sunday school kama bado anaweza kusimama. Nisalimie jirani yetu wa mihogo, umwambie Karimi amekuwa mkubwa. Wakikuuliza habari zangu, sema nimepona. Hilo ni kweli, na yeyote anaweza kulisikia.

Wako uliyemzaa,
Wawira